Miezi 14 na mashine ya presha kando ya kitanda cha Mama

Naipa nyota 4. Ya 5 nimeizuia kwa sababu ya taa yake ya kijani, na taa hiyo nitaieleza kwa kirefu maana ndiyo iliyokaribia kutuponza.

Ni mashine ya kupimia presha nyumbani, ya kufunga mkono wa juu, yenye kioo kikubwa, kitufe kimoja na betri 4. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa karibu kila nitakachosema kinahusu mashine zote za aina hii. Niliinunua kwa ajili ya mama yangu mzazi. Ana miaka 74, dawa za presha alianza miaka 11 iliyopita, na siku naiingiza mashine ndani ilikuwa imetimia miezi 9 tangu tumzike Baba.

Kilichonituma ni kliniki. Presha ilisoma 168 kwa 94, daktari akaongeza dawa ya tatu juu ya mbili alizokuwa nazo, akaniambia, "Fundi, mpime Mama nyumbani, uniletee namba." Ananiita fundi kwa sababu nashona, tepu haitoki shingoni mwangu. Na nianze na hiyo tepu, kwani bila hiyo ningeipa mashine nyota 1 na kuirudisha dukani.

Ndani ya boksi kuna mkanda wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Vipimo hivyo vimeandikwa kwa herufi ndogo upande wa ndani wa kitambaa, na nadhani wanunuzi wengi hawavioni. Mimi sifungi kitu mwilini mwa mtu kabla ya kumpima. Nikamzungushia Mama tepu katikati ya bega na kiwiko, nikapata 36. Mkanda ulimfunga hivyohivyo, ukashika kwa ncha tu, na mashine haikulalamika. Ikavimba, ikashusha pumzi, ikatoa 171. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hulazimika kukaza zaidi mpaka uubane mshipa, na mashine huuhesabu mkazo huo kuwa ni presha ya mwenye mkono. Nikaagiza mkanda mkubwa, wa 32 hadi 42, ambao unauzwa peke yake. Ulipofika tukapima kwa yote miwili, dakika chache baina yake: mdogo 164, mkubwa 150. Kwa tofauti ya 14 mtu anaweza kuongezewa dawa asiyoihitaji. Nilimwandikia muuzaji kuomba wamwambie mteja apime mkono kabla ya kulipa. Jibu lilikuja baada ya wiki 3 na halikugusa nilichouliza.

Kwa hiyo tepu kwanza, mashine baadaye. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono ziacheni kama mkono wa juu unafungika, kwa sababu mkono ukishuka au kupanda kidogo tu nazo zinabadilisha kauli. Na kabla ya kununua, tafuteni kama modeli imo kwenye orodha ya mashine zilizothibitishwa usahihi wake, kama ile ya STRIDE BP. Yangu imo. Niliipeleka kliniki pia, muuguzi akampima Mama kwa ya kwao, mimi kwa yetu, tofauti ikawa 3. Kwenye usahihi sina neno nayo.

Namna ya kupima ni sehemu ya mashine, asiyeifuata asiilaumu. Mama anakaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili zipo sakafuni, miguu haijapishana, mkono umelala mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya sweta. Kibofu kiwe kitupu. Nusu saa kabla ya hapo hakuna kahawa wala sigara. Tunapima mara 2, tukiacha dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, kwa siku 7. Za siku ya kwanza tunaziacha, zilizobaki tunapiga wastani. Mpaka wa nyumbani ni 135 kwa 85, si ule wa 140 kwa 90 unaotumika kliniki, kwa kuwa mtu akiwa kwake hupungukiwa wasiwasi. Na asiongee. Kuongea kunapandisha namba. Hili la kuongea, nakumbuka, halikunisumbua kabisa miezi ile ya kwanza. Mama yangu ni msemaji tangu namjua, na sikuwahi hata mara moja kumwambia anyamaze. Sikujiuliza kwa nini.

Wiki 2 za mwanzo daftari lilinichanganya. Jumatatu 134. Jumanne 131. Alhamisi 163. Ijumaa 166. Jumapili 137. Mtu yuleyule, kiti kilekile, saa 1 ileile ya asubuhi. Nilidhani mashine mbovu, na ndiyo sababu niliipeleka kliniki. Ilipothibitika kuwa nzima nikadhani ni chumvi, halafu nikadhani ni usingizi.

Jibu nililipata kwenye karo la kufulia. Nilikuwa nageuza mifuko ya sweta yake ya kijivu kabla ya kuiloweka, kidole kikagusa vitu kama shanga. Nikavipanga kwenye ukingo wa karo: vidonge 11. Vyeupe 6, vya njano 3, na 2 vilivyokwisha kulainika vikashikana na manyoya ya sufi hata rangi yake haijulikani. Nilisimama pale muda mrefu na maji yanamwagika.

Jioni nikamuuliza taratibu. Hakukana. Akasema, "Mwanangu, nikinywa nisinywe, siku ni ileile." Hakulia. Alisema kama mtu anayekutajia saa.

Neno hilo nililala nalo usiku kucha, na bado nikalielewa vibaya. Nililichukulia kuwa ni ukaidi wa uzee. Nikanunua kiboksi cha dawa chenye vyumba 7, nikawa nasimama mbele yake kila asubuhi mpaka ameze chote na kufungua mdomo nione. Naandika haya na uso unanipata joto, kwa sababu alikuwa ananitii kama mtoto, yeye ambaye alinifundisha kushika sindano.

Sasa namba zikaanza kushuka. 138, 129, 121. Baada ya wiki 3, 112. Na hapa ndipo inapoingia taa.

Pembeni ya kioo kuna mstari mwembamba unaowaka baada ya kila kipimo: nyekundu presha ikiwa juu sana, njano ikiwa imezidi kidogo, kijani ikiwa nzuri. Mwanzoni tuliona nyekundu tupu, na Mama akiiona alikuwa anageuza uso. Ilipowaka kijani kwa mara ya kwanza nilipiga picha nikawatumia ndugu zangu wote. Kaka akajibu, "Hongera, umemponya." Nami nikaamini. Kila asubuhi kijani. 110, kijani. 106, kijani. Nilikuwa naangalia taa nikaacha kumwangalia mwenye mkono.

Mwenye mkono alikuwa haamki mpaka saa 5. Maua yake ya kwenye makopo, ambayo hata juma tulilozika aliyamwagilia, yalikuwa yamekauka mawili na la tatu limeinama. Redio hawashi. Ukimuuliza anajibu "sawa" au "nimechoka tu". Wageni wakija anawasikiliza akiwa ametazama mikono yake. Kulia halii, na ndiyo maana hakuna aliyetaja neno sonona, au unyogovu kama wengine wanavyoiita. Sisi tulikuwa tunangoja machozi. Kwa wazee mara nyingi machozi hayaji: linaloondoka ni hamu ya kula, ya kuvaa, ya watu, na kinachobaki ni uchovu, maumivu yasiyo na mahali, usingizi uliovurugika, na usahaulifu ambao watu wanaudhania ni akili inazeeka.

Aliyenishtua ni mkanda, si taa. Mkanda una alama ya mshale inayopaswa kuangukia ndani ya mistari miwili. Asubuhi moja nafunga nikaona mshale umevuka mahali pake pa kila siku, umekaribia kabisa mwisho. Nikavua tepu shingoni. 33. Sentimita 3 zimeondoka kwenye mkono katika miezi 5. Ukiniletea gauni nililokushonea mwanzoni mwa mwaka, na mkono umepwaya sentimita 3, kabla sijachukua mkasi nitakuuliza unaumwa nini. Mama yangu nilikuwa namfunga mkanda mara 2 kwa siku na sikumuuliza.

Kesho yake akasimama kwenda msalani, nikamwona ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, amefumba macho. Nikamkalisha, akatulia, nikapima: 108 kwa 62. Kijani. Nikakumbuka muuguzi mmoja zamani aliwahi kumpima akiwa amesimama. Nikamsimamisha taratibu, nikamshika kiuno, nikasubiri dakika 1, nikabonyeza kitufe huku mkono wake nimeuegemeza kwenye bega langu ili uwe usawa wa moyo. 84 kwa 54. Na ile taa, Mungu ni shahidi, ikawaka kijani.

Hiyo ndiyo nyota niliyoizuia. Waliotengeneza rangi hizi waliwaza presha ya kupanda peke yake. Chini hawakuweka mpaka. Kwa mzee anayemeza dawa 3, kushuka ni hatari kama kupanda: akianguka akavunjika nyonga, hiyo 84 ndiyo itakayokuwa imemwangusha. Mashine inajua kusoma namba hiyo, basi ingejua pia kuonya. Kama mnayoitaka kununua ina taa za rangi, zifunikeni kwa kipande cha plasta kama nilivyofanya, msome namba, na mkazisome zote, ya juu, ya chini na ya mapigo.

Tulikwenda kliniki siku ileile. Daktari alilichukua daftari, akalisoma kwa kidole mstari kwa mstari, na nilipomweleza habari ya vidonge vya kwenye sweta akavua miwani. Akasema, "Kumbe dawa ya tatu niliiongeza kwa namba za siku ambazo zile mbili hazikuingia mwilini. Sikumuuliza kama anameza." Halafu akanieleza: namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, au namba ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 tangu mtu asimame, hiyo ina jina lake na ina matibabu, na ya Mama ilishuka kwa 24. Dawa 3 zote ziliingia kwa mkupuo kwenye mwili uliokwisha kupungua, na mwili ukipungua uzito presha nayo hupungua. Kizunguzungu kilikuwa cha dawa. Kile cha kulala mpaka saa 5 kilikuwa cha vyote viwili.

Nilimuuliza, "Vyote viwili vipi?" Akamgeukia Mama badala ya kunijibu, akavuta kiti karibu, akamuuliza maswali 15 ya ndiyo na hapana. Ni dodoso la sonona lililotungwa kwa ajili ya wazee. Toleo la kwanza la miaka ya 1980 lilikuwa na maswali 30, kisha likafupishwa. Halikuulizi sana habari za mwili, kwa kuwa mzee yeyote ana maumivu. Linauliza kama umeacha mambo uliyokuwa ukiyapenda, kama unaona maisha yamekuwa matupu, kama unapendelea kukaa ndani. Zaidi ya alama 5 panahitaji kuchunguzwa. Zaidi ya 10, karibu kila mara ni sonona. Mama alipata 11. Kwenye swali la kuona maisha matupu alinitazama kwanza, kama anaomba ruhusa, halafu akasema ndiyo. Miezi 5 nampima mkono, na hilo sikulijua.

Nimesoma na kuuliza sana tangu siku ile, na nataka niliweke hapa kwa mtu anayetafuta mashine kama mimi nilivyokuwa natafuta, kwa sababu maduka yanatuuzia presha kana kwamba imekaa peke yake mwilini.

Kamba kati ya presha na huzuni ya mzee inavutwa kutoka pande zote mbili. Presha iliyokaa juu miaka mingi inachosha mishipa midogo iliyomo ndani kabisa ya ubongo, na kwenye picha za ubongo huonekana mabaka meupe mahali nyuzi za mawasiliano zilipoumia. Mwaka 1997 daktari wa magonjwa ya akili George Alexopoulos na wenzake waliandika hoja kwamba uharibifu wa namna hiyo unaweza kumwingiza mtu kwenye sonona uzeeni au kuifanya iwe ngumu kupona. Wakaiita sonona ya mishipa. Mwenye nayo huwa mzito kuanza jambo, mwendo umepungua, mawazo yanachelewa, kuliko kuwa mtu wa kulia. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ya Mama ni hiyo, kwa kuwa kuna msiba ndani yake, lakini miaka 11 ya presha haiwezi kutupwa nje ya hesabu.

Upande wa pili, presha iliyoshuka nayo imo. Mwaka 1994 Barrett-Connor na Palinkas walichapisha utafiti wa wanaume wa miaka 60 hadi 89 huko California, na wale wenye presha ya chini walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona. Utafiti mkubwa wa Norway uliotoka mwaka 2007 uliona uhusiano wa namna hiyo pia. Hauthibitishi kwamba kimoja kinaleta kingine. Mtu asiyekula kwa huzuni presha inaweza kumshuka, na mtu aliyeshuka presha anaweza kuonekana kama mwenye huzuni. Kwetu sisi vilikuwa vimeshikana kiasi kwamba nisingeweza kuvitenganisha kwa macho.

Halafu kuna njia iliyo fupi kuliko zote, ile ya mfuko wa sweta. Mwenye sonona haoni sababu ya kumeza kidonge. Presha inapanda. Daktari anaona 168, anaongeza dawa. Hakuna aliyeuliza kwa nini imepanda. Namba ya kliniki ilikuwa inaeleza huzuni ya Mama kwa lugha ya milimita za zebaki, na sote tuliisoma kama habari ya mishipa tu.

Nisieleweke kwamba nawatisha watu na dawa za presha. Nililiuliza hilo waziwazi, kwa kuwa shangazi alishaanza kusema "dawa ndizo zilizomharibu". Kwenye utafiti wa Marekani uitwao SPRINT, wenye washiriki 9,361, waliopunguziwa presha mpaka chini ya 120 hawakupata sonona zaidi ya wale walioachwa chini ya 140. Na mwaka 2020 watafiti wa Denmark walipochambua dawa 41 za presha, hawakuona hata moja iliyohusishwa na ongezeko la sonona, na 9 zilihusishwa na upungufu wake. Shangazi huyohuyo alikuwa na vidonge vya amitriptyline, dawa mojawapo ya sonona, nyumbani kwake, akataka Mama ameze kimoja usiku apate usingizi. Daktari alikataa kwa ukali: dawa hiyo hushusha presha mtu akisimama, na Mama alikuwa tayari anashika mlango. Aina nyingine za dawa za sonona, kama venlafaxine, zinaweza kupandisha presha. Alichompa ni sertraline kwa dozi ndogo, akaondoa dawa ya presha ya kukojosha, na bado akapima chumvi ya sodiamu kwenye damu mara 2 mwezi ule wa kwanza, kwa sababu dawa za kundi hilo huishusha kwa wazee. Msifanye hata kimoja cha haya kwa mikono yenu wenyewe. Nimeyaandika ili mkifika kwa daktari muwe na cha kuuliza.

Dawa ilikuwa nusu. Nusu nyingine ni mama mmoja mshauri nasaha, ambaye Mama humwendea kila wiki na ambaye maneno yao siyajui wala siulizi. Nimejua tu kwamba baada ya mara ya tatu alirudi akaniomba nimtolee shati moja la Baba kwenye sanduku, akakaa nalo mapajani, na siku hiyo ndipo alipolia.

Nirudi kwenye mashine. Ina kumbukumbu ya watu 2, inatosha. Inaonyesha alama mapigo yakienda bila mpangilio. Kwa mzee hilo ni la thamani, na alama hiyo ikirudiarudia nendeni mkapimwe moyo. Betri zinakaa miezi kama 4. Mngurumo wake wa kujaza upepo ni mkubwa kuliko unavyopaswa kuwa, Mama alishtuka mara za mwanzo, na mshtuko nao ni presha. Inaunganishwa na simu, na programu yake inachora mistari mizuri, ila pa kuandika maelezo pana nafasi ya maneno machache mno, hivyo nimeiacha.

Natumia daftari. Kila mstari una tarehe, saa, namba za kukaa, na mara 2 kwa wiki namba za kusimama. Mbele ya hizo nimeongeza safu 3 ambazo hakuna mashine inayoziuliza: amelalaje, amekula kiasi gani, na jana alifanya nini kwa hiari yake. Hiyo ya mwisho ndiyo daktari anayoanza kusoma. Kwa wiki 6 nzima iliandikwa "hakuna". Kisha kuna siku imeandikwa "alifungua dirisha". Siku nyingine, "alimwagilia ua". Ukifuata kidole kushuka chini unaona namba za presha zinaacha kurukaruka wakati uleule maneno hayo yanapoanza kurefuka.

Neno kwa wenye wasiwasi. Mteja wangu mmoja alinunua mashine kama hii, akawa anajipima mara 10 kwa siku, kila nyekundu ikimwongezea hofu na kila hofu ikileta nyekundu. Kama mzee wako ni wa namna hiyo, mashine ikae chumbani kwako, itoke kwa saa zake, irudi.

Kwa sasa Mama yuko kwenye 128 hadi 136 akiwa amekaa, na akisimama haishuki zaidi ya 8. Anatumia dawa 2 za presha, anazimeza mwenyewe, mimi sisimami tena mbele yake. Dodoso tulilirudia mwezi uliopita, akapata 4. Mkono umefika 34 na nusu. Mkanda wa kunata umeanza kuchoka pembeni na nimeushona upya kwa mkono, uzi mara mbili.

Leo asubuhi nimemfunga, nimebonyeza, na mashine inavimba yeye akaanza kunieleza ndoto aliyoota, mwanzo wake, nani alikuwemo, walivaa nini. Ikasoma 143. Nikaweka kalamu chini, nikamwacha amalize mpaka mwisho, kisha tukakaa kimya dakika zetu 5, nikapima tena. 131.